Chuo Gani Nimlipie Mwanangu? Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mombasa

Wengi huja kwangu wakiwa wameshalipa. Mzazi huweka risiti mezani, na barua ya kuitwa chuoni bado imo ndani ya bahasha, kisha huniambia: "Hebu nitazamie, chuo hiki ni kizuri?" Swali hilo lilipasa kuitangulia risiti. Nina saiba ndogo, duka la intaneti, upande wa Likoni, na kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka huwasaidia watu kujaza maombi ya KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Makosa ninayoyaona ni yale yale kila mwaka, ndiyo maana nimekaa nikaziandika hatua hizi moja baada ya nyingine.

Nami yamenifika. Mpwa wangu alisomea famasia miaka miwili katika chuo kimoja cha hapa mjini. Alipomaliza ndipo tukajua kwamba chuo kilikuwa na leseni kweli, ila si ya kozi ile, na cheti chake hakikumfungulia mlango wowote wa kusajiliwa. Karo yote ilitoka kwenye mahamri ambayo dada yangu huamka kuyakaanga kabla ya adhana ya alfajiri. Ndiyo maana huwaambia wazazi: kagueni kozi, msikague jengo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze hatua yoyote kabla hujavipata hivi:

- Karatasi ya matokeo ya KCSE yenye gredi ya kila somo, si wastani peke yake.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na namba yake ya mtihani ya KCPE na ya KCSE.
- Kitambulisho cha taifa cha mtoto ikiwa ametimiza miaka 18. Kama hana, muanzishie maombi sasa hivi, kwani hicho ndicho hukwamisha wengi wakati wa HELB.
- Vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo ikiwa mmoja wao ametangulia mbele ya haki.
- Namba ya simu na baruapepe ambazo ni za mtoto mwenyewe.
- Daftari moja la kuandikia kila kitu. Usitegemee kichwa.

Hakikisha jina limeandikwa sawasawa kwenye karatasi zote. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule inaweza kukusumbua kwa miezi.

## Hatua ya 1: Mpe mwanao karatasi tupu

Mwambie aandike kozi tatu anazozitaka na sababu ya kila moja. Nawe andika zako tatu kwenye karatasi nyingine, bila kuchunguliana. Kisha badilishaneni.

Kwa nini karatasi, na si mazungumzo tu? Kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri hambishi mzazi wake. Ukimwambia "utasomea ualimu," atajibu "sawa, mama." Ile "sawa, mama" ni adabu, si ridhaa. Muhula wa pili utasikia haendi darasani.

Mama mmoja wa Mtongwe alikuja na bintiye, ameshaamua ni uuguzi. Niliwapa karatasi. Binti akaandika umeme.

"Umeme, mwanangu? Ukapande nguzo?"

"Mama, mimi damu siiwezi. Hata kuku akichinjwa huenda nikajifungia chumbani."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akacheka, kisha akauliza kozi ya umeme inafundishwa wapi. Miaka yote aliyomlea binti yule, hakuwahi kumuuliza.

Msiwaite shangazi na wajomba katika hatua hii. Watakuja na majina ya vyuo walivyovisikia harusini. Mkishapata kozi mbili au tatu ambazo wewe na mwanao mnaweza kueleza kwa nini zimo, sogeeni mbele.

## Hatua ya 2: Soma masomo, si wastani peke yake

Wastani hukuonyesha ngazi. Masomo ndiyo hukuonyesha kozi.

Kwa ngazi, shahada huhitaji C+ na kuendelea, diploma C-, cheti cha ufundi D, na aliye chini ya hapo huanzia ngazi ya fundi stadi. Katika mtaala wa umahiri unaotumiwa na vyuo vya ufundi, fundi stadi ni ngazi ya 4, cheti ngazi ya 5, na diploma ngazi ya 6. Mtoto anaweza kupanda kutoka moja hadi nyingine. Kwa hivyo gredi ya D si mwisho wa mtoto wako, na tafadhali usimwambie maneno yatakayomfanya aamini hivyo.

Kisha tazama masomo. Chukua diploma ya uuguzi: pamoja na wastani wa C, mtoto huhitaji C katika Biolojia, C katika Kiingereza au Kiswahili, na C- katika moja kati ya Hisabati, Fizikia au Kemia. Nimewaona waliopata wastani wa C+ wakakosa uuguzi kwa sababu ya Biolojia. Kwa shahada, KUCCPS huhesabu alama za klasta kutokana na masomo manne, zikifika juu kabisa 48. Ukiingia kwenye akaunti ya mtoto utaziona alama zake kwa kila kozi, na utaona pia kozi ile ilifungia alama ngapi mwaka uliopita, yaani alama za chini kabisa zilizochukuliwa. Linganisha hizo mbili.

Chuo kikikuambia mwenye D ataingia diploma moja kwa moja, ondoka. Hapo wanataka karo tu.

## Hatua ya 3: Anza na vyuo vya umma vilivyo karibu

Sababu ni fedha. Ufadhili wa serikali hufuata mwanafunzi aliyepangiwa chuo cha umma kupitia KUCCPS. Aliyeingia chuo kikuu cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ule msaada usiorudishwa haupati.

Hapa kwetu, orodha ya kuanzia ni fupi na ni nzuri. Kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, chenye shahada na diploma pia, jambo ambalo wazazi wengi husahau. Kuna Kenya Coast National Polytechnic kwenye barabara ya Kisauni, ya kozi za ufundi, hoteli, biashara na nyinginezo. Kuna KMTC Mombasa na KMTC Port Reitz kwa kozi za afya. Kuna Bandari Maritime Academy, ambayo wengi bado twaiita Bandari College. Kuna chuo cha ualimu cha Shanzu. Ukivuka kwenda Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, mwendo wa kama kilomita 60. Halafu kuna vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, ambavyo zamani vikiitwa politekniki za vijiji. Ada yake ni ndogo, na mtoto mwenye mikono mizuri hutoka na ujuzi.

Vya binafsi sivikatai. Vipo vinavyofundisha vizuri hata vikiwa vimepanga ghorofa moja tu juu ya duka la vitambaa. Ila hivyo vipite kwenye hatua ya 4 kwa ukali zaidi.

Na akipangiwa Eldoret au Nairobi? Usikatae kwa hofu peke yake, hasa kwa mtoto wa kike. Uliza kwanza kama kuna hosteli ndani ya chuo, na kama kuna jamaa karibu. Kukiwa na shida ya kweli, KUCCPS huwa na dirisha la kuomba uhamisho wa chuo baada ya kupangiwa.

## Hatua ya 4: Kila kozi iulizwe maswali matatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Usiharakishe.

Nani amekipa chuo ruhusa ya kufundisha kozi hii? Kwa vyuo vikuu, tazama orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kwa vyuo vya kadiri, tazama orodha ya TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Andika jina la chuo neno kwa neno kama lilivyo kwenye barua, maana vyuo vinavyofanana majina ni vingi. Kisha omba kuiona leseni yenyewe: inataja kampasi ya Mombasa, au makao makuu ya Nairobi? Inataja kozi yako? Imeisha lini? Mpwa wangu aliangukia kwenye hilo la kozi.

Nani anatahini? Jibu liwe jina la chombo: KNEC, yaani baraza la mitihani la taifa; TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi; NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani; KASNEB kwa uhasibu; au chuo kikuu chenyewe kwa kozi zake. Ukijibiwa "sisi wenyewe tunatahini na vyeti vyetu vinatambulika kimataifa," funga daftari.

Nani atamsajili akimaliza? Kuna kazi ambazo cheti peke yake hakitoshi, ni lazima bodi imkubali. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki ana baraza lake, mfamasia ana Bodi ya Famasia na Sumu, mtaalamu wa maabara ana bodi yake. Bodi hizi huwa na orodha za vyuo zinavyovitambua. Piga simu au nenda ofisini, na uliza kwa jina la chuo na jina la kozi kwa pamoja.

### Kozi za afya

Jihadhari na kozi fupi za usaidizi wa uuguzi. Si haramu, na kazi ya kumhudumia mgonjwa nyumbani ni kazi ya heshima. Lakini aliyemaliza kozi hiyo si muuguzi aliyesajiliwa, na hospitali haitamuandika kama muuguzi. Wazazi huliona gauni jeupe siku ya mahafali wakadhani yameisha.

Na nafasi za KMTC haziuzwi mtaani. Siku hizi hupitia KUCCPS. Mtu anayekuomba "kitu kidogo" ili akupatie nafasi anakuibia, hata kama mnaswali msikiti mmoja.

### Kozi za bahari na bandari

Huku Mombasa kila mzazi ana ndoto ya meli, na ni ndoto nzuri. Lakini ndiyo inayowaliza wengi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kazi ya melini huongozwa na STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia wa mwaka 1978, na marekebisho yake. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na makao yake makuu yako hapa hapa Mombasa. Chuo chochote kinachofundisha mabaharia, uliza KMA kwanza.

Elewa tofauti hii. Mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu binafsi, huchukua siku chache, na kila baharia huyahitaji. Hayamfanyi mtu kuwa ofisa. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu darajani, yaani pale meli inapoongozwa, ni lazima awe na muda wa kukaa baharini, usiopungua miezi 12 ndani ya programu iliyoidhinishwa, ndipo apate cheti chake. Darasa linapatikana. Meli ya kumchukua ndiyo ngumu. Kwa hivyo swali la kumuuliza mkuu wa kozi ni moja: "Wanafunzi wenu wa mwisho walipata wapi muda wa baharini, na wangapi?" Akizungukazunguka, umeshajibiwa.

Kabla ya karo, mpeleke mtoto akapimwe macho, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Ofisa wa darajani ni lazima azitambue taa nyekundu na kijani za meli usiku. Nimemuona kijana aliyelijua tatizo lake la rangi baada ya mwaka mzima wa masomo. Kipimo kile hakichukui hata nusu saa.

Na wakala akikutoza pesa ili mtoto apate kazi melini, jua kwamba Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari ndivyo anavyoweza kugharamia mwenyewe. Mawakala halali wana leseni ya KMA, iombe uione.

Kwa kazi za uwakala wa forodha, kliaringi kama tunavyoiita, cheti kinachotafutwa ni kile cha Afrika Mashariki, EACFFPC, kinachofundishwa na KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru, na kina kampasi hapa Mombasa. Kozi nyingine za "usafirishaji na bandari" zina faida yake, ila uliza kama zinamfungulia mtoto njia ya kukipata cheti hicho.

### Ufundi

Kama mwanao tayari anafanya kazi gereji au kwenye mjengo, usimtoe kazini haraka. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya gredi, kuanzia ya III hadi ya I, na huupima ule ujuzi alio nao mkononi.

Hatua hii imekamilika pale ambapo daftari lako lina majibu matatu, kwa kila kozi, yaliyotoka nje ya chuo chenyewe. Jibu la karani wa chuo halihesabiki.

## Hatua ya 5: Nenda chuoni siku ya kazi

Usiende siku ya maonyesho wala siku ya mahafali. Nenda Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi, bila kuita mtu.

Ingia karakana, maabara au jiko. Mashine zina mafuta mabichi na vumbi la kazi, au zimefunikwa nailoni? Wanafunzi ni wangapi kwa mashine moja?

Kisha toka nje, kaa kwenye kibanda cha chakula, agiza viazi karai na ukwaju, uzungumze na wanafunzi. Watakuambia yale ambayo hayamo kwenye kijitabu cha chuo: walimu hufika? Aliyemaliza mwaka jana ameshapata cheti? Mafunzo ya kazini walitafutiwa, au walizunguka na barua wenyewe? Mpeleke mwanao, na mwache aulize yeye. Hao ni rika lake.

## Hatua ya 6: Hesabu hadi siku ya mwisho

Karo ya muhula wa kwanza haikuambii kitu. Omba orodha kamili ya malipo, yenye muhuri, ya kozi nzima: ada ya mtihani, vifaa, sare, bima, mafunzo ya kazini, mahafali.

Kisha ongeza njia na tumbo. Ikiwa nauli ni shilingi 200 kwa siku, kwa siku 5 na wiki 13, ni shilingi 13,000 kwa muhula. Chakula cha mchana cha shilingi 150 ni 9,750. Jumla 22,750, na kwa mihula mitatu ni 68,250 kwa mwaka. Kwa familia nyingi pesa hizi ndizo humrudisha mtoto nyumbani, si karo. Anayetoka Likoni havuki feri kwa pesa akiwa kwa miguu, lakini ahesabu saa anazopoteza asubuhi, na matatu ya ng'ambo.

Zungumzeni mkopo mapema. HELB hutoza wanafunzi wa shahada riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kuna familia zetu ambazo hazigusi riba kabisa, na huo ni uamuzi wa imani ninaouheshimu. Ila muuamue sasa, baba, mama na mtoto, muulize mwanachuoni mnayemwamini, na mtafute njia nyingine: basari za kaunti na za eneobunge, wakfu wa msikiti, au chama cha ukoo. Mtoto asilijue hilo akiwa ameshafungiwa nje ya chumba cha mtihani.

Ukiona jumla ya mwaka wa pili na wa tatu huiwezi, rudi hatua ya 3 uchague kozi fupi zaidi au chuo cha karibu zaidi. Cheti kilichokamilika kinamfaa mtoto kuliko diploma iliyokatika katikati.

## Hatua ya 7: Jaza maombi, kisha lipa

Kwenye KUCCPS, mtoto huingia kwa namba yake ya KCSE na mwaka wa mtihani. Nywila ya kwanza huwa ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, kama alivyosajiliwa. Ibadilisheni siku hiyo hiyo, na muandike namba yenu ya simu. Nasema haya nikiwa mtu wa saiba: usikubali mtu wa saiba aweke namba yake. Ujumbe wote utakwenda kwake.

Iweke juu kozi ile mnayoitaka kweli, kisha zile ambazo alama zake zimezidi kidogo zilizofungia mwaka jana, na mwishoni moja ambayo hana shaka nayo. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mwambie asome kwa sauti jina la kozi na la chuo.

Vyuo vya ufundi huingiza wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Kwa hivyo ukikosa dirisha moja, usikimbilie chuo cha kwanza kinachokupigia simu.

Malipo yaende kwenye akaunti ya jina la chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu. Na risiti iandikwe jina la mwanafunzi.

## Hatua ya 8: Wiki sita za mwanzo

Wazazi wengi hulegea hapa. Mfuatilie mambo manne.

Ana namba ya usajili ya chuo? Akaunti yake ya HELB imefunguka, na chuo kimethibitisha kwamba yumo? Ratiba yake ina vipindi vya karakana, au nadharia tupu? Analala wapi, na anakula nini?

Muhula ukiwa katikati, mwambie akuletee uthibitisho kwamba chuo kimeanza kumsajili kwa mtihani wa kile chombo ulichokiandika kwenye daftari. Jina lilingane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Likiwa na kosa, lirekebishwe wiki hiyo hiyo, maana wakati huo ni karani mmoja tu anayehusika. Piga picha karatasi hiyo, uihifadhi pamoja na risiti.